Laptopu ya zamani na namna ya kuirudishia nguvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota mezani pangu pa ufundi na kwenye jumbe za simu. Mengi yamerudi mara nyingi mpaka najua mwisho wake kabla mteja hajamaliza kuuliza. Mifano mingi inahusu mashine za ofisi za mwaka 2013 hadi 2018: HP EliteBook 840, Lenovo ThinkPad za T, na Dell Latitude. Ndizo zilizojaa maduka ya Kariakoo na ya Luthuli kule Nairobi, zikitoka Ulaya na Marekani baada ya kampuni kuzimaliza muda wake, na kwa bahati nzuri ndizo zinazofunguka kirahisi.

## Kabla hujatoa hela

1. Laptopu yangu zamani ilikuwa nyepesi, sasa ni nzito. Imechoka?

Prosesa, ile chipu inayopiga hesabu zote, haichoki. Iliyotoka kiwandani mwaka 2014 bado inapiga hesabu kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni mzigo. Ukurasa mmoja wa gazeti leo unaweza kula mamia ya megabaiti, mikutano ya video imekuwa kazi ya kila siku, na Windows yenyewe ina shughuli nyingi za chinichini kuliko ilivyokuwa.

Pembeni ya mzigo kuna magonjwa ya kweli, nayo yanatibika: diski ngumu inayoanza kufa, vumbi lililoziba njia ya hewa, nafasi iliyojaa mpaka shingoni. Dalili zake kwa macho ya mtumiaji ni moja tu, "inakwama", kwa hiyo usikimbilie dukani kabla ya swali la 2.

2. Nitajuaje kinachobana ni kipi?

Washa mashine, subiri kama dakika tano itulie, kisha fungua kazi zako za kawaida: kivinjari na kurasa zako zote, Excel, WhatsApp ya kompyuta, chochote unachotumia kweli. Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, nawe usome safu za juu wakati mashine inakwama.

Disk ikiwa imegota 100% huku CPU (prosesa) iko 10% au 20%, tatizo ni diski. Memory ikiwa juu ya 85% muda wote, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) ni ndogo. CPU ikiwa 100%, bonyeza jina la safu hiyo ili anayekula zaidi apande juu. Mara nyingi utakuta ni programu moja ambayo hukujua kama ipo. Na kama CPU imejaa lakini kasi yake kwenye ukurasa wa Performance imeshuka chini ya gigahezi moja, hapo kuna jambo la joto (swali la 13) au la chaja (swali la 15).

Ukurasa huohuo wa Performance utakuambia pia kama diski yako ni HDD (diski ngumu ya kuzunguka) au SSD (diski ya chipu), na ukibonyeza Memory utaona nafasi ngapi za RAM zimetumika, kwa mfano 1 kati ya 2. Piga picha ya skrini. Fundi au muuzaji akiiona hiyo picha, nusu ya mazungumzo imeisha.

3. Nina hela ya kitu kimoja tu. Ninunue nini?

Kama bado unatumia diski ngumu ya kuzunguka, nunua SSD. Hata kama RAM yako ni GB 4, bado ningeanza na SSD.

Sababu iko kwenye chuma chenyewe. Diski ya kawaida ya laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Sindano yake ikitaka kipande cha data, inabidi isogee kwenye mstari husika na kungoja kipande hicho kizunguke kuifikia. Ni kama karani wa masjala anayekimbia kabatini kwa kila karatasi moja: ukimwomba faili kubwa lililonyooka anakuletea vizuri tu, lakini ukimwomba karatasi elfu tatu zilizotawanyika anakufa kwa mbio. Kuwasha Windows na kufungua kivinjari ni karatasi elfu tatu zilizotawanyika. Diski hiyo humudu maombi kama mia hivi kwa sekunde. SSD haina sindano wala mzunguko, na hata ile ya bei ya chini humudu maelfu kwa maelfu.

EliteBook 840 G1 iliyokuwa ikichukua dakika mbili mpaka uweze kubonyeza kitu, huwaka kwa sekunde ishirini na kitu baada ya kubadilishiwa diski peke yake. Mteja mmoja alinishtaki kwa utani kuwa nimembadilishia kompyuta, akageuza chini kutafuta kibandiko chake.

Kama tayari una SSD, basi ni RAM (swali la 9), na kama RAM nayo iko sawa, safisha (swali la 13).

4. Si nipige Windows upya tu?

Inasaidia, na wakati mwingine inatosha, hasa kwa mashine yenye SSD iliyojazwa takataka. Lakini juu ya diski ngumu, nafuu hiyo hudumu wiki kadhaa tu: masasisho yakishuka na antivirusi ikianza doria, unarudi palepale.

Kabla ya kufuta kila kitu, zima kwanza programu zinazojiwasha zenyewe (ziko kwenye ukurasa wa Startup ndani ya Task Manager), na kama una antivirusi mbili, ondoa moja. Mbili hazilindi mara mbili; zinachunguzana. Programu za "kuongeza kasi" na zile za kuvunja leseni ya Windows nimeziondoa kwenye mashine nyingi mno, na zote zilikuwa zimebeba abiria. Usiziweke.

## SSD

5. Laptopu yangu inachukua SSD ya aina gani?

Kuna aina tatu utakazokutana nazo, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela.

Ya kwanza ni ya inchi 2.5, kasha bapa lenye umbo la diski ngumu ya laptopu. Inaingia palepale diski ya zamani ilipokuwa. Kasi yake hufika kama megabaiti 550 kwa sekunde, kikomo cha SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Laptopu nyingi za kabla ya 2016 zinataka hii. Angalia unene: ThinkPad T440 inapokea milimita 7 tu, nayo diski nyingi za zamani zilikuwa 9.5. SSD karibu zote ni 7, kwa hiyo kwenye kitanda kinene utahitaji fremu ndogo ya plastiki isichezecheze.

Ya pili na ya tatu zinafanana kama mapacha: vijiti vya M.2, vinavyofanana na ubao mdogo wa RAM uliorefushwa. Kimoja kinazungumza SATA, kingine NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi, na kinachopokea kimoja si lazima kipokee kingine. NVMe ya kawaida hufika megabaiti 3500 kwa sekunde. Namba kama 2280 maana yake ni upana milimita 22, urefu milimita 80. EliteBook 840 G1 ina nafasi ya M.2, lakini ni ya kijiti kifupi cha 2242 kinachozungumza SATA. Aliyeniletea NVMe ya 2280 kwa ajili yake alilazimika kuirudisha dukani. 840 G3 ndiyo inayokubali 2280, pamoja na ile ya inchi 2.5.

Njia salama: tafuta jina kamili la modeli na herufi zake zote, si "HP Core i5". Kuna EliteBook za Core i5 za kila namna.

Je, NVMe itakupa tofauti kubwa kuliko SATA? Kwenye karatasi ndiyo. Kwa barua pepe, Excel na kivinjari, tofauti ya HDD na SSD ya SATA ni usiku na mchana. Ya SATA na NVMe utaihisi kidogo mno. Usiuze laptopu yako kwa sababu haina NVMe.

6. Ukubwa gani unatosha?

GB 240 au 256 kwa kazi za ofisi. GB 480 au 512 kama unahifadhi picha na video. Acha asilimia 15 hivi wazi daima, maana SSD iliyojaa hupunguza mwendo. Diski yako ya zamani usiitupe: kasha la USB ni bei ndogo, nayo inageuka kuwa ghala la nakala rudufu, kama bado ni nzima.

7. Vitu vyangu vitahamaje?

Njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kama ilivyo kwa waya wa SATA kwenda USB na programu ya kunakilia. Clonezilla ni ya bure, ingawa sura yake inatisha na inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ya pili ni kupiga Windows upya kwenye SSD na kurudisha mafaili yako tu. Mimi napendelea ya pili kwa mashine iliyokaa miaka mitano bila kusafishwa. Hakuna haja ya kuhamia nyumba mpya na mende wa nyumba ya zamani.

Leseni usihofu: Windows 10 na 11 zilizokwisha kuamilishwa kihalali hutambua mazabodi (ubao mkuu wa mashine), si diski. Ukiweka toleo lilelile, ikipata intaneti inajitambua.

Mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, kama BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) imewashwa, tafuta ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kugusa chochote. Pili, kama diski inatoa mlio wa tik-tik au CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inaionyesha kwa rangi ya njano au nyekundu, usianze kunakili nzima. Toa kwanza vile usivyoweza kuvipata tena, picha za familia, tasnifu, hesabu za biashara, kwa sababu diski inayokufa inaweza isimalize safari ya saa tatu.

8. Nasikia SSD hufa haraka, na nyingine ni feki. Kweli?

Kuchakaa kwa kuandikwa si jambo la kumnyima usingizi mtu wa kawaida. Kingston A400 ya GB 240, SSD ya bei nafuu inayojulikana, imepewa na kiwanda chake kikomo cha terabaiti 80 za kuandika. Ukiandika GB 20 kila siku, na wengi hawafiki hapo, hiyo ni siku 4000, karibu miaka 11. Kibaya ni namna SSD inavyokufa: diski ngumu hulia kwanza, SSD huzima ghafla. Kwa hiyo nakala rudufu ni lazima. Na usiifanyie kile kitendo cha zamani cha kupanga vipande vya diski. Windows inaitambua na kuitunza kwa njia yake.

Feki zipo, nyingi. Dalili kubwa ni bei: ukiona ya terabaiti 2 inauzwa kwa bei ya GB 240, kaa mbali. Moja niliifungua mbele ya mwenyewe. Ndani ya kasha, palipotakiwa kuwa na ubao wa chipu, palikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu iliyogandishwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Windows ilikuwa ikiionyesha kama terabaiti nzima. Ukizidi ukubwa wa kweli, mafaili mapya yanaandikwa juu ya yale ya zamani kimyakimya. Programu ya H2testw, ya bure, hujaza diski yote na kuisoma tena, ikakuambia ukubwa halisi. Ifanye siku unayonunua, wakati risiti bado ni mbichi.

Ukinunua ya mtumba, fungua CrystalDiskInfo hapohapo dukani, usome asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi.

## RAM

9. GB ngapi zinatosha?

GB 4 leo ni za kuvumilia tu. GB 8 ni kiwango cha chini cha kufanya kazi kwa amani. GB 16 ni za anayeweka kurasa thelathini wazi, anayehariri picha, mwanafunzi wa programu. Zaidi ya hapo kwenye mashine ya 2015 ni hela imekaa bure.

RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye diski. Kama diski hiyo ni ya kuzunguka, ndipo unapoona kishale kimeganda na taa ya diski haizimi. Watu wengi wenye tatizo la RAM kwa kweli wana matatizo mawili yaliyoshikana mikono.

Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16. Kutoka 32 kwenda 64 hakuna njia ila kupiga upya.

10. Nitajuaje RAM inayoingia, na kama inaongezeka?

Kuna vizazi, na haviingiliani. Hata ukingo wa chini umekatwa mahali tofauti ili kijiti kisiingie kwa nguvu. DDR3 na DDR3L za laptopu zina pini 204, DDR4 zina 260. Mashine za Intel za kizazi cha 4, kama 840 G1 na T440, zinataka DDR3L, ile ya volti 1.35; DDR3 ya volti 1.5 inaingia vizuri kabisa ila mashine haiwaki. Hiyo herufi L imewarudisha watu wengi dukani.

Kuhusu kuongezeka: T450 na T480 zina nafasi mbili. T440 ina GB 4 zilizochomelewa kwenye mazabodi na nafasi moja, kwa hiyo ukiweka ya 8 unapata 12, basi. X1 Carbon na MacBook Air zote zimechomelewa RAM, na ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. MacBook Pro zenye skrini ya Retina ni vilevile, ila ile ya inchi 13 ya katikati ya 2012 isiyo Retina hufunguka na kukubali mpaka GB 16.

Vijiti viwili vya ukubwa sawa ni bora kuliko kimoja, kwa sababu prosesa husoma pande zote mbili kwa pamoja, na kazi ya kuchora kinachoonekana kwenye skrini hutumia RAM hiyohiyo. Kuchanganya kampuni mbili si dhambi. Vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole.

11. Nimeweka RAM, sasa skrini ni nyeusi.

Subiri kwanza dakika moja au mbili; mashine nyingine hujipima zikikuta RAM ngeni. Bado? Zima, toa, sugua meno ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, puliza, rudisha kwa mshazari wa digrii kama 30 kisha kandamiza mpaka vishikizo vya pembeni vilie "tak". Kisichosikika hakijaingia. Jaribu kijiti kimoja kimoja, nafasi moja moja. Ikiwaka lakini inajizima ovyo, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha; kosa moja tu likionekana, kirudishe.

12. Mbona RAM imepanda bei hivi?

Mwishoni mwa 2025 bei zilipanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinavyotengeneza chipu vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Fundi wako hakuiba. DDR3L na DDR4 zilizotolewa kwenye laptopu zilizokufa zinafaa, na RAM ni kifaa ambacho naweza kukununulia cha mtumba bila wasiwasi mwingi, mradi ipimwe kama ilivyoelezwa swali la 11.

## Joto, betri na umeme

13. Feni inanguruma na mashine inaungua mapajani. Hiyo inahusiana na uzito?

Moja kwa moja. Prosesa za Intel za laptopu hufika kikomo karibu nyuzi 100, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili zisiungue. Unachokiona wewe ni mashine iliyoanza vizuri asubuhi na kugeuka jiwe saa nne.

Nilifungua Latitude moja iliyokuwa ikitumika kwenye ofisi ya mashine ya kusaga. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na kitu cha kijivu, kinene kama kipande cha blanketi. Nilikishika kwa kibano kikatoka kizima, kimechukua umbo la mapezi, mistari kwa mistari. Vumbi, unga wa mahindi na unyevu vilikuwa vimeshikana vikawa kama ukoko wa ugali. Nyuma yake mapezi yalikuwa mapya kabisa. Hewa haikuwahi kufika huko kwa miezi. Hatukubadilisha chochote, tulisafisha na kuweka pesti mpya ya joto juu ya prosesa, na mwenyewe akaghairi kununua nyingine.

Ukisafisha mwenyewe: shikilia panga za feni kwa kidole kabla ya kupuliza, maana upepo mkali unaizungusha kupita kiasi na kuharibu beringi zake. Pesti iwe kiasi cha punje ya mchele. Na usiweke laptopu juu ya kitanda; godoro ndilo adui mkubwa wa matundu ya chini.

14. Nibadilishe betri?

Betri mpya haiongezi kasi, inaongeza muda. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na Windows itaandika ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ikishuka chini ya nusu, na umeme wa mtaani kwako una tabia ya kukatika, badilisha. ThinkPad za T440 hadi T480 zina betri mbili, ya ndani na ya nje. Angalia ipi imekufa kabla ya kununua zote.

Betri iliyovimba ni habari nyingine. Ikiwa padi ya kugusia imeinuka au kifuniko hakifungi, zima mashine leo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiichaji "mara ya mwisho".

15. Dell yangu ni nzito hata baada ya SSD na RAM. Nini kimebaki?

Tazama chaja. Chaja za Dell za tundu la duara zina pini nyembamba katikati inayoitambulisha chaja kwa laptopu. Pini ikivunjika au chaja ikiwa ya barabarani isiyojitambulisha, laptopu inawaka, lakini haichaji betri na inajibana mpaka kama gigahezi 0.8. Wengine hupiga Windows mara tatu kwa ugonjwa huu. Ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka) utazame sehemu ya AC Adapter: ikisema Unknown, umepata. Kipimo cha haraka zaidi ni kuchomoa chaja na kutumia betri. Mashine ikichangamka, jibu unalo.

## Kufungua mwenyewe

16. Ninaweza kuifungua nyumbani?

Mashine hizi, ndiyo. 840 G1 haihitaji hata bisibisi: toa betri, sogeza kitelezi, kifuniko chote kinateleza. ThinkPad zina skrubu zisizodondoka na vibanio vya plastiki. Tumia kadi ya zamani ya simu kuzunguka ukingo, si kisu.

La kwanza kabisa ni umeme. Chomoa chaja, toa betri ya nje, na kama kuna ya ndani izime kwenye BIOS (ThinkPad zina Disable Built-in Battery chini ya Config, Power) au chomoa waya wake mara tu kifuniko kinapofunguka. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi niliona uvivu kuchomoa waya huo, bisibisi ikateleza, cheche ndogo tu ya bluu, na mazabodi ya mteja ikaenda zake. Nililipa kwa miezi miwili.

Skrubu zina urefu tofauti. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu ichomeke pale ilipotoka. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa kilicho juu yake.

## Windows 10 imeisha, na njia nyingine

17. Mashine yangu haikubali Windows 11. Imekufa?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa nyumbani ikatoa mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama mpaka 13 Oktoba 2026. Mashine haizimi, ila kwa asiye kwenye mpango huo matundu mapya ya usalama hayazibwi.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-8250U ni cha 8, i5-4300U ni cha 4. Ndiyo maana T480 nyingi zinapita na T470 zinagoma, ingawa ukizishika huoni tofauti. Ujanja wa kulazimisha upo, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hizo, nami siweki kwa mteja anayefanya kazi za benki.

18. Na Linux?

Kwa anayetumia kivinjari, barua pepe na nyaraka za kawaida, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye 840 G1 yenye SSD na GB 8 ni raha tupu, na masasisho yake hayajali kizazi cha prosesa. Ijaribu kwa flashi bila kufuta chochote. Kinachokwamisha ni programu maalumu: mfumo wa uhasibu wa ofisi, Excel zenye makro nzito, kisoma alama za vidole. Uliza kwanza, usije ukanipigia Jumatatu asubuhi.

## Kesi za pembeni

19. Nina kilaptopu kidogo chenye GB 32 za ndani. Nikiongeze nini?

Hiyo ni eMMC, hifadhi ya chipu iliyochomelewa kwenye mazabodi, na RAM yake kwa kawaida pia. Hamishia mafaili kwenye kadi ya SD, weka ChromeOS Flex (mfumo mwepesi wa Google) au Linux nyepesi kama RAM inafika GB 4. Kifaa kisichobadilishika vipuri, usikinunulie kitu.

20. Nitoe kisoma DVD niweke diski ya pili?

Inawezekana kwa fremu maalumu. Pima kwanza kama chako ni unene wa milimita 9.5 au 12.7. SSD iweke kwenye nafasi kuu, ya kuzunguka iende upande wa DVD, si kinyume chake.

21. Nataka kubadilisha kadi ya Wi-Fi.

ThinkPad na HP za zamani zina orodha ndani ya BIOS ya kadi zinazoruhusiwa. Ngeni ikiwekwa mashine inakataa kuwaka. Kidude cha USB cha gigahezi 5 kinamaliza ubishi kwa bei ndogo.

22. Laptopu ya mtumba inadai nywila ya BIOS.

Rudisha kwa aliyekuuzia, leo. Ama kampuni ilisahau kuifungua, ama iliibiwa. Sifungui za namna hiyo.

23. Ni lini niache kuiwekea hela?

Jumlisha SSD, RAM, betri na ufundi. Ikizidi nusu ya bei ya T480 au 840 G5 iliyotumika vizuri, simama. Kioo kilichopasuka au bawaba zilizovunja kasha mara nyingi ndizo zinazovusha hesabu hiyo. Na SSD uliyokwisha kununua unaweza kuondoka nayo kwenda mashine nyingine. T480 inapokea hata hiyo ya inchi 2.5.

24. Nimebadilisha kila kitu, bado YouTube inakatakata.

Pakua video moja uicheze bila intaneti. Ikienda vizuri, laptopu haina kosa: ni bando, au uko mbali na kipanga njia. Ikikwama hata hapo, rudi swali la 2, uniletee picha ya skrini.